Begi moja, kilo 7: kufungasha nguo za siku 11 bila kukosa cha kuvaa

Kila nikifungasha mbele ya mama mdogo, hunikazia macho na kuuliza: "Siku kumi na moja, mwanangu, na kibegi hicho?" Humjibu kwamba nguo zilizomo ni za siku nne tu. Hapo ndipo huzidi kushangaa.

Wengi wetu huhesabu siku za safari, tukaweka nguo za kila siku, kisha tukaongeza za "huenda ikatokea". Ndiyo maana zipu inafungwa mtu akiwa amelikalia begi. Mimi huhesabu mara nitakazofua. Siku 11 nikifua mara 3 ni nguo za siku 4. Mwezi mzima nao ni nguo za siku 4, isipokuwa sabuni itaisha mapema.

Nitafuata safari moja ninayoijua vizuri, kwa sababu naifanya karibu kila Julai kwa kazi ya kuendesha mafunzo, na mara ya mwisho ilikuwa na harusi ndani yake. Dar es Salaam hadi Dodoma kwa treni ya SGR, Dodoma hadi Arusha kwa basi kupitia Kondoa na Babati, Arusha hadi Unguja kwa ndege, kisha boti kurudi Dar. Nimeichagua kwa ugumu wake: kuna joto, vumbi, baridi na chumvi ya bahari, na kuna ukumbi wa mikutano, kiti cha basi na sebule za watu. Yako ikiwa nyepesi kuliko hii, punguza.

Hatua ya 1: Pima begi kabla ya nguo

Fungua tiketi usome sehemu ya mizigo. Mashirika mengi yanayoruka kwetu huruhusu kilo 7 za mzigo wa mkononi kwa daraja la kawaida. Yapo yanayotoa zaidi, lakini ukifungasha kwa kilo 7 hutagombana na mtu. Ukubwa unaotajwa sana ni sentimita 55 kwa 40 kwa 20 au karibu na hapo, magurudumu na mshikio vikiwemo. Kwa zile ndege ndogo za kwenda mbugani na visiwani mambo hubadilika: mara nyingi unapewa kilo 15 kwa mizigo yako yote, na wanataka begi laini, maana litasukumwa kwenye tumbo la ndege kama gunia.

Sasa weka begi tupu kwenye mzani. Lile gumu la magurudumu, linalong'aa, huwa na kilo 2.5 hadi 3 na ushee kabla hujatia hata soksi. Yaani zaidi ya theluthi ya ruhusa yako imeliwa na magurudumu, ambayo kwenye mchanga wa mtaani au ngazi za nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja hayana msaada wowote. Langu ni la turubai, la kubeba mgongoni, gramu 1,100. Linafunguka pande tatu kama sanduku, si kwa juu tu kama begi la shule, kwa hiyo sichimbui nguo zote nikitafuta soksi.

Ukienda kununua Kariakoo, usidanganywe na mifuko mingi ya nje. Angalia zipu. Mwombe muuzaji akuruhusu kulijaza nguo au magazeti, kisha vuta zipu ile mara ishirini. Ikikwama dukani, itapasuka stendi.

Hatua ya 2: Panga kufua kwa hali ya hewa

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami ndiyo naitilia mkazo kuliko zote. Nguo haikauki sawasawa kila mahali, na ukishalijua hilo ratiba inajipanga yenyewe.

Dodoma mwezi Julai hakuna mvua. Hewa ni kavu na upepo unavuma kutwa. Jinzi niliyoianika dirishani saa 2 usiku niliikuta asubuhi imekauka, ngumu kama kadibodi, na kavumbi kake juu. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na Julai ndiyo baridi yake: mawingu yameufunika Mlima Meru tangu alfajiri, usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na tisheti iliyofuliwa jioni huikuta kesho yake bado ina maji kwenye mishono. Unguja ni habari nyingine. Kusi ikivuma, nguo iliyo nje hukauka kabla ya adhuhuri. Lakini ukiianika chumbani umefunga madirisha, inabaki na kile kiunyevu cha chumvi, na ikilala hivyo siku mbili inanuka uvundo ambao marashi hayaufichi.

Kwa hiyo fua kila kitu Dodoma, usiku wa mwisho, usiache hata leso. Uingie Arusha na nguo zote safi, na ukiwa huko fua chupi na soksi tu. Ukitua Unguja, fua asubuhi ya kwanza na uanike nje. Ndizo hizo mara tatu, ya katikati ikiwa ndogo.

Wanaosafiri masika, Machi hadi Mei, wasinifuate kichwakichwa. Mvua ikipiga siku tatu mfululizo pwani, hakuna kinachokauka. Ongeza blauzi moja na chupi tatu.

Hatua ya 3: Kila nguo ifanye mtihani

Mitihani ni miwili. Wa kwanza ni wa ngumi: kamata sehemu ya nguo, ifinye kwa nguvu nusu dakika, iachie. Ikitoka na makunyanzi kama uso wa mtu aliyelala mchana, itakudai pasi kila asubuhi. Iache.

Wa pili ni wa usiku mmoja. Fua nguo jioni ukiwa nyumbani Dar, ikamue, ianike ndani bila feni. Ikiwa kavu kabla hujaenda kazini, imefaulu, maana nguo inayokauka ndani ya chumba cha Dar haitakushinda kwingine, isipokuwa Arusha ya Julai. Pamba nzito hufeli. Pamba nyepesi iliyochanganywa na poliesta hufaulu bila shida. Kitani hukauka upesi lakini hukunjamana ukikitazama tu. Sweta jembamba la sufu, ambalo watu wa pwani hulipita sokoni bila kugeuka, ni hazina: lina joto, jepesi, na halishiki harufu haraka. Kwenye masoko ya mitumba, Karume kwa Dar, Gikomba kwa Nairobi, ukiwahi marobota yakifunguliwa asubuhi utalipata kwa bei ya soda mbili tatu.

Ukiwa hukohuko mtumbani, suruali ya mabakamabaka kama sare ya jeshi usiiguse hata ikiwa mpya. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za majeshi, na "nilinunua mtumba" si utetezi.

Hatua ya 4: Anza na kitenge, rangi zitafuata

Ushauri wa kawaida ni kuvaa nyeusi na kijivu ili kila kitu kiendane na kila kitu. Unafaa, ila ukifika siku ya tano unajiona kama karani wa mahakama. Tena nyeusi ni adui wa vumbi la Dodoma: ukishuka kwenye bajaji, kila ulipoegemea panaonekana.

Mimi huanza na kitenge kimoja ninachokipenda. Changu kina rangi tatu: buluu iliyokoza, njano ya bizari na damu ya mzee. Fundi alinishonea sketi ya mpira kiunoni, yenye mifuko miwili mirefu. (Mifuko lazima uiombe. Usipoomba, fundi atakushonea sketi nzuri isiyo na pa kuweka hata nauli.) Halafu blauzi tatu, kila moja ikachukua rangi mojawapo ya zile za kitenge. Chini nina sketi hiyo, suruali ya kitambaa ya kahawia iliyokoza, na jinzi ninayosafiri nayo mwilini. Juu nina blauzi tatu na tisheti mbili, moja ikiwa mwilini. Kila ya juu inakubali kila ya chini: hapo pana mavazi 15, na gauni bado sijalihesabu. Wanafunzi wangu wa Arusha waliniona siku nne na kila siku walidhani nimebadilisha kila kitu.

Kitenge kipya kifue peke yake, mara mbili, kabla ya safari. Kikichuja rangi ndani ya beseni la gesti pamoja na blauzi ya bizari, mavazi yako 15 yamepungua kabla hujafika Babati.

Kama safari yako ina mbuga, ongeza sharti moja: siku hiyo weka kando buluu iliyokoza na nyeusi. Ndorobo hupenda rangi hizo, na akikuuma hutamsahau.

Hatua ya 5: Doti moja ya kanga

Kama ningeambiwa nipunguze begi hadi kitu kimoja, ningebaki na kanga. Doti ina vipande viwili, kila kimoja takriban mita 1.5 kwa 1.1, na cha kwangu kina gramu 180. Nisikilize kwa makini nilivyoitumia safari iliyopita. Kwenye treni kiyoyozi kilikuwa kikali, nikajifunika. Gesti ya Dodoma ilikuwa na taulo la ukubwa wa leso. Kanga ikawa taulo. Kwenye basi vumbi liliingia dirishani baada ya Kondoa. Nikajitanda hadi puani. Arusha niliiongeza juu ya blanketi. Unguja nilijitanda nikikatiza mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, kwenda kwa wenyeji wangu, bila kuulizwa wala kutazamwa. Halafu kuna lile ambalo hakuna anayelipanga. Nikiwa Dodoma, mwenzetu wa kazini alifiwa. Msiba haupigi hodi. Nilijifunga kanga moja juu ya suruali, nyingine nikajitanda, nikaenda kukaa mkekani na wenzangu. Hakuna gauni ambalo lingenifaa vile.

Kuna mambo mawili ya kuangalia. Kanga iwe kuukuu kidogo. Ile mpya ina wanga, inateleza mwilini na haifyonzi maji. Ipinde, ifue mara tatu nne, ndiyo iwe kitu. Pili, soma jina lake. Hili nimelipata kwa aibu: niliwahi kujifunga kanga ya kijembe nikiwa mgeni nyumbani kwa watu. Shangazi wa bi harusi aliisoma kimya, akanitazama, akaisoma tena. Tangu siku hiyo kanga yangu ya safari ni ya dua.

Hatua ya 6: Hesabu ya gramu

Hivi ndivyo vilivyokuwa ndani ya begi, kwa mzani wa jikoni kwangu:

- Suruali ya kahawia: 350
- Sketi ya kitenge: 300
- Gauni: 350
- Blauzi 3: 540
- Tisheti: 150
- Sweta la sufu: 350
- Chupi 5: 200
- Sidiria 2: 160
- Soksi jozi 3: 150
- Doti ya kanga: 360
- Mtandio: 100
- Kandambili: 300
- Viatu vya wazi vya ngozi: 450

Jumla gramu 3,760. Ongeza begi lenyewe 1,100, vipodozi 600, chaja na pawabenki 500, dawa na vifaa vya kufulia 250. Inakuja gramu 6,210. Zile 790 zinazobaki si za kujaza. Ni za kurudi na zawadi.

Mwilini: jinzi, tisheti, koti jepesi na raba. Vitu vizito vyote vinasafiri juu yako. Ndiyo, kuvaa koti Dar ni kujitafutia jasho, kwa hiyo liweke begani au mkononi. Mara nyingi koti la mkononi haliwekwi kwenye mzani. Kompyuta mpakato iko kwenye mkoba mdogo, ambao mashirika mengi huuruhusu pamoja na begi. Hakikisha kwenye tiketi, usitegemee maneno ya jirani.

Viatu ndivyo vinavyoua mabegi. Jozi tatu zatosha: raba za njiani na vumbi, kandambili za bafuni, na viatu vya wazi vya ngozi vinavyofaa ukumbini na harusini. Jozi ya nne ikikujia kichwani, ipime kwanza. Viatu vya kisigino vikubwa ni karibu uzito wa blauzi nne.

Hatua ya 7: Kufungasha kwenyewe

Mifuko ya plastiki, ile ya rambo, isahau. Tanzania bara iliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilikuwa imetangulia Agosti 2017, na Rwanda zamani zaidi, 2008. Mimi hutumia foronya mbili za zamani: moja ya chupi, sidiria na soksi, nyingine tupu, ya nguo chafu. Foronya inapumua, haipigi kelele chumba kizima kimelala, na yenyewe inafulika.

Tandaza begi wazi kitandani. Viatu vya wazi vinakaa upande wa mgongo chini kabisa, nyayo zikitazama nje, kila kimoja kikiwa na jozi ya soksi ndani. Viringisha tisheti na sweta kama mkeka, ujaze nazo pembeni mwa viatu.

Nguo zinazokunjamana usizikunje moja moja. Zifunge kitita: laza gauni kitandani, juu yake suruali kwa upande mwingine, kisha sketi, kisha blauzi, mikono ikiwa imenyooshwa nje. Weka foronya ya chupi katikati. Sasa rudisha kila nguo juu ya foronya, moja baada ya nyingine, ukianza na ile ya juu kabisa na kumaliza na gauni. Unapata kifurushi kimoja laini kisicho na kona kali, na makunyanzi mengi hutokea kwenye kona. Mara ya kwanza utaona kama unamfunga mtoto nepi. Mara ya tatu ni dakika tano.

Kanga iwe juu ya vyote. Ndiyo itakayohitajika kwanza.

Hatua ya 8: Majimaji na vidogovidogo

Sharti la mililita 100 kwa kila chupa, zote ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha, lilianza 2006 baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa milipuko ya majimaji. Kwenye safari za ndani ya nchi ukaguzi hutofautiana uwanja kwa uwanja. Fungasha kana kwamba utakutana na yule mkali. Chupa ya mililita 200 iliyobaki robo haipiti, maana wanatazama ukubwa wa chupa, si kilichobaki ndani. Vile vifuko vya zipu vya vipodozi Tanzania iliviruhusu, mradi uondoke navyo, ila mimi nina kipochi kigumu kinachoonyesha na kinadumu miaka.

Punguza majimaji kwa kuyageuza kuwa magumu. Kipande cha mche wa sabuni, chenye ukubwa wa kiberiti, kinafulia nguo siku 11 na hakihesabiwi kama kimiminika. Cha kuogea vilevile. Mafuta ya nazi yatie kwenye kikopo cha mdomo mpana, si chupa nyembamba: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Arusha utayakuta yamekuwa kama mshumaa huku wewe umeshika chupa unaipiga kisigino. Mdomo mpana unayachota kwa kidole. Dar yatayeyuka tena, kwa hiyo kifunge kikopo kwa kitambaa.

Vifaa vya kufulia: kamba nyembamba ya mita 3, vibanio sita, basi.

Na kifurushi cha watu? "Utanifikishia tu kwa wifi, ni kidogo." Hakuna kifurushi kidogo. Kwanza gramu 790 zako zimekwisha hapo. Pili, usichokifungasha mwenyewe usikipitishe uwanja wa ndege, hata kama mwenye nacho mlinyonya ziwa moja. Huwa nasema begi limeshafungwa na kupimwa, na ni kweli.

Mlangoni mwa ndege

Begi dogo si hakikisho kwamba litakaa juu ya kichwa chako. Ndege za mapanga (propela), kama ATR, zina makabati madogo, na yakijaa wanachukua mabegi chini ya ngazi. Langu lilichukuliwa hivyo siku moja. Nilikuwa nimeshika kishikio cha ngazi kwa mkono mmoja, kijana anavuta begi kwa upole huku ananiambia "utalikuta palepale, dada," nami nikakumbuka kwamba dawa zangu na pawabenki viko chini kabisa, chini ya viatu. Nilifungua begi kwenye lami, mbele ya foleni nzima, sidiria ikitangulia kutoka.

Tangu hapo nina kipochi kimoja juu kabisa, karibu na zipu: dawa, pawabenki, chaja, kitambulisho, fedha, chupi moja. Nikiombwa begi, nachomoa kipochi kwa sekunde mbili na kuwaachia begi. Pawabenki hairuhusiwi kabisa kwenye mzigo wa chini, na isizidi saa-wati 100, ambazo ni kama mAh 27,000. Wembe, mkasi mrefu na kisu cha matunda viache nyumbani.

Harusi na balaa la sare

Unaweza kupanga kila kitu kwa gramu, halafu kamati ikatangaza sare. Kitambaa cha kung'aa, mita nne, mshono wa mkia. Hakuna begi la kilo 7 linaloimeza.

Nilichofanya mimi ni kutokusafiri na gauni la sare kabisa. Nilimtumia binamu yangu wa Unguja fedha ya kitambaa na vipimo vyangu kwa simu: kifua, kiuno, nyonga, bega, urefu wa mkono, urefu wa gauni. Fundi wa mtaani kwao akashona, nikafika siku mbili kabla kwa ajili ya marekebisho. Vipimo vichukuliwe na fundi wako unayemwamini, usijipime mwenyewe kioo kikikushauri. Baada ya harusi gauni likabaki kwa binamu, ambaye ana mwili kama wangu na shughuli nyingi kuliko mimi.

Kama hakuna sare, gauni lako la begini, mtandio mzuri na vito vya bandia vinatosha. Zawadi iwe bahasha au doti ya kanga, ambayo utainunua hukohuko Unguja, soko la Darajani, badala ya kuizungusha nchi nzima.

Kwa kina kaka

Kwenu ni rahisi zaidi, ndiyo maana sina maneno mengi. Suruali mbili (moja mwilini), mashati mawili ya kola, tisheti mbili, sweta, chupi tano. Mahali pa kanga weka kikoi: ni taulo, shuka na vazi la jioni. Kwa harusi ya pwani, kanzu ina uzito mdogo kuliko koti la suti na inapigwa pasi dakika tatu. Kofia ya viua usiibane. Ijaze tisheti iliyoviringishwa ili ishike umbo, na iweke juu. Suti, kama lazima, koti lake livaliwe safarini.

Hatua ya 9: Kufua bila kulowesha chumba

Fua mara tu unaporudi jioni, kabla ya kula. Ukila kwanza hutafua.

Suuza vizuri, sabuni iliyobaki ndiyo huifanya nguo iwe ngumu na ichelewe kukauka. Usikamue kwa kusokota mpaka mishono ilie. Kamua kwa mkono, kisha tandaza kanga kavu au taulo la chumbani sakafuni, laza nguo juu, viringisha vyote pamoja, halafu panda juu uikanyage kwa kisigino kutoka upande mmoja hadi mwingine. Fungua. Taulo limelowa, nguo imebaki na unyevu tu. Hii peke yake inapunguza saa kadhaa.

Anika chini ya pangaboi, nguo zikiachana upana wa kiganja, blauzi zikiwa kwenye henga za kabati na si kwenye kamba ili zisipate alama. Vuta kola na pindo kwa vidole zikiwa bado mbichi. Ukivuta vizuri, asubuhi pasi huitafuti. Kama kuna baridi na hakuna feni, soksi zilale ndani ya kanga pamoja nawe kitandani. Joto la mwili litazimalizia. Si jambo la kujisifia, ila linafanya kazi.

Kurudi

Gramu 790 ni zabibu za Dodoma nusu kilo na pakiti chache za viungo. Mvinyo wa Dodoma hautapita ukaguzi wa ndege kwa sababu ya mililita zile zile, usijaribu. Lakini kwa kuwa mimi humaliza kwa boti, halua na achari nanunua siku ya mwisho Unguja. Boti haikupimii mililita.

Ukifika nyumbani, usimwage begi kwenye tenga na kusahau. Toa nguo moja moja na uandike ambayo hukuivaa kabisa. Orodha yangu ya mara ya mwisho ilikuwa na vitu viwili: tisheti ya begini na mtandio wa damu ya mzee. Tisheti imeshatolewa kwenye hesabu ya Julai ijayo. Mtandio bado tunabishana.